Krokasi za mapema pwani ya Mtwara: friji moja, vyungu vitatu, kimoja tu kimechanua. Kwa nini?

#1 Mwanakusi (Shangani, Mtwara)
Wakuu, salamu. Nasema krokasi za mapema, hizi ndugu wa zafarani zinazochanua Ulaya theluji ikianza kuyeyuka, zinaweza kuchanua hapa pwani zikipitishwa kwenye friji, ila si kila aina inakubali. Naweka matokeo, mnisaidie sababu.

Vyungu vya udongo vyenye mdomo wa sm 15, kila kimoja matunguu 8, kina sm 5. Mchanganyiko: mchanga wa mto uliooshwa sehemu 2, udongo mwekundu wa Newala sehemu 1, mboji iliyochekechwa sehemu 1. Kabla ya kupandwa, matunguu yalikaa wiki 13 ndani ya bahasha za kaki, droo ya mboga, nyuzi 4 hadi 6. Yametoka mwishoni mwa Juni, vyungu vikawekwa kivulini, upande unaopigwa na kusi.

Crocus tommasinianus 'Ruby Giant': majani tele, tumba hakuna.
C. chrysanthus 'Cream Beauty': tumba limechomoza na ala yake, yaani ganda jembamba linalolifunika, likakauka rangi ya kahawia kabla ya kufunguka.
C. ancyrensis 'Golden Bunch': imechanua njano kali, lakini ua limekaa juu ya udongo kabisa, kama limekatwa kichwa likawekwa.

Matunzo sawa, matokeo matatu. Karibuni.

#2 Nachingwea Kwetu
Siti ya mbele. Watu wanahangaika kupata friji la kupozea maji, mwenzetu analaza maua.

#3 Bi Kitangari (Newala)
Mwanakusi, jibu ni baridi haijatosha. Krokasi za kuchanulisha kwenye vyungu zinahitaji wiki 12 hadi 15 katika nyuzi 2 hadi 9. Wewe umepita mlango wa chini tu. Halafu umeyaweka makavu. Njia ya kawaida ni kupanda chunguni kwanza, kumwagilia mara moja, kisha chungu kizima kinaingia friji, ili mizizi ijae wakati baridi inafanya kazi yake. Tunguu likitoka friji kavu na kukutana na nyuzi 28 za mchana, linatoa majani na mizizi kwa pamoja, na tumba linakosa maji. Chrysanthus yako imekufa hivyo.

Ruby Giant ipe wiki 15 kamili ndani ya chungu.

#4 Kibarua wa Jokofu (Lindi mjini)
Napingana na #3. Swali la kwanza: kwenye hiyo droo ya mboga kulikuwa na nini kingine? Embe, papai, ndizi, parachichi, nyanya zinazoiva zote zinatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaua tumba likiwa bado ndani ya tunguu. Majani hayadhuriki kirahisi, ndiyo maana unapata majani mazuri bila ua. Bahasha ya kaki haizuii gesi.

Kwa nini ancyrensis ikapona? Kwa sababu tunguu lake moja hubeba maua kadhaa. Yakifa mawili, la tatu linatoka. Hiyo 'Golden Bunch' haikuitwa fungu bure.

#5 Mzee wa Rondo
Mnagombania friji, na tunguu lenyewe hamjalikagua. Ua la krokasi za mapema halitengenezwi na baridi. Linatengenezwa ndani ya tunguu wakati wa usingizi, baada ya majani ya msimu uliopita kukauka. Kazi ya baridi ni kulirefusha na kulitoa nje. Kama tunguu ni dogo, au limekaa ghalani vibaya, ndani hamna ua, na hata ulilaze friji mwaka mzima utapata nyasi tu.

Kipimo: zungusha uzi kiunoni mwa tunguu. Aina za porini na mapema zianzie mzingo wa sm 5. Zile kubwa za Kiholanzi zitokanazo na C. vernus, kama 'Pickwick' na 'Jeanne d'Arc', zianzie sm 9. Kisha toa mhanga tunguu moja: lipasue wima kwa wembe kupitia chipukizi. Ndani utaona nyama ngumu kama gimbi, si maganda ya tabaka kama kitunguu maji. Kwenye chipukizi tafuta kidude cheupe katikati ya majani machanga. Hakipo? Usipoteze umeme.

#6 Dada Maua (Mikindani)
Shikamoo Mzee wa Rondo. Naongezea kuhusu lile ua fupi. Krokasi haina shina la ua juu ya ardhi. Hicho kinachoonekana kama shina ni mrija wa petali, na ovari yenyewe iko chini ya udongo, karibu na tunguu. Kwa hiyo ua likikaa juu ya udongo maana yake ni mrija haujarefuka, na huo ni mchezo wa baridi pungufu. Hapo namuunga mkono Bi Kitangari kwa ancyrensis peke yake. Kwa tommasinianus namuunga mkono Mzee. Kwa chrysanthus sababu ni tofauti kabisa: joto baada ya kutoka friji.

Tumba likishachomoza linataka mchana usizidi nyuzi 15 hadi 18. Shangani mwishoni mwa Juni mchana unacheza 28, 29, usiku 20 hivi. Tumba linapumua haraka kuliko mizizi inavyolisha, linakauka ndani ya ala. Wenzetu wa vitalu huko Uholanzi hulijua tatizo hili miaka mingi.

#7 Mwanakusi
Asanteni. Majibu: (a) droo ilikuwa na karoti na kabichi, na wakati fulani ndizi. (b) Mzingo: chrysanthus na ancyrensis sm 5, Ruby Giant sm 5 kasoro. (c) Matunguu ni ya muuzaji wa kusini mwa ikweta, yalifika Machi.

#8 Kibarua wa Jokofu
"Wakati fulani ndizi." Kesi imefungwa, tuendelee na mambo mengine.

#9 Mzee wa Rondo
Marahaba Dada Maua. Kibarua, usifunge kesi. "Sm 5 kasoro" umeiruka kwa makusudi.

#10 Mkorosho Mkavu (Masasi)
Hapo kwenye (c) ndipo wengi wanakwama, niliseme wazi kwa wasomaji wengine. Ukiagiza Ulaya, matunguu yanauzwa Septemba na Oktoba. Ukiyatia friji wiki 15 yanatoka Januari au Februari, katikati ya mvua na joto letu. Hayo ni mazishi. Ukiagiza kusini mwa ikweta, kwao matunguu yanalala Januari hadi Machi, unayatia friji Machi, yanatoka Juni, kipupwe chetu. Kalenda ya Mwanakusi iko sawa.

Na msisahau karatasi. Matunguu ni mimea hai: kibali cha kuingiza kinaombwa kwanza TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yalikotoka. Mkoba wa ndugu anayerudi safari si njia. Ukungu wa Fusarium unasafiri na tunguu bila nauli.

#11 Bi Kitangari
Umenena. Sasa turudi kwenye aina, maana kichwa cha uzi ni krokasi za mapema na zimetajwa tatu tu.

C. tommasinianus: jina limetokana na Muzio Tommasini, mtaalamu wa mimea wa Trieste. Petali nyembamba, nje rangi ya fedha yenye zambarau hafifu, katika bustani za Uingereza hutoka Februari. Huko inajipanda yenyewe kwa mbegu hadi inajaa kwenye nyasi. 'Ruby Giant' na 'Whitewell Purple' zambarau yake imekolea zaidi, na Ruby Giant ni tasa, haijipandi.

C. chrysanthus: asili ya Balkani na Uturuki. Ua la mviringo, dogo, maua mawili hadi manne kwa tunguu. 'Cream Beauty' rangi ya siagi, 'Blue Pearl' samawati hafifu, 'Zwanenburg Bronze' nje kahawia ndani njano.

C. sieberi: Ugiriki na Krete. 'Tricolor' ndiyo ya kuangalia: koo la njano, mkanda mweupe, kisha zambarau. Milimani kwao huchanua pembeni mwa theluji inayoyeyuka.

C. ancyrensis: Uturuki, jina linatokana na Ankara.

C. vernus za Kiholanzi: ua kubwa maradufu, lakini zinachelewa kama wiki mbili nyuma ya hizo. Kwetu wiki mbili si kitu kidogo, kipupwe ni kifupi.

#12 Dada Maua
Bi Kitangari umesahau mbili ambazo kwangu ndizo zenye mantiki kwa pwani. C. imperati ya kusini mwa Italia, ambayo huchanua hata Januari: nje rangi ya ngozi yenye michirizi ya zambarau, ikifunguka ndani ni zambarau tupu. Na C. laevigatus ya Ugiriki na visiwa vyake, inayochanua Novemba hadi Januari na ina harufu nzuri. Hii ya pili inaota hadi maeneo ya chini karibu na bahari, ambako majira ya baridi ni mvua na ubaridi wa wastani, theluji hakuna. Kwa nini tung'ang'anie za milimani?

#13 Kibarua wa Jokofu
Mantiki nzuri, lakini laevigatus ya "ubaridi wa wastani" bado inaota kwenye usiku wa nyuzi 8 au 10. Wewe Mikindani utautoa wapi? Isitoshe hiyo ukiiweka friji wiki 15 inachanua ndani ya friji gizani. Kila aina na saa yake.

#14 Dada Maua
Ndiyo maana laevigatus haipewi wiki 15. Wiki 6 hadi 8, nyuzi 9, kisha nje. Na ukiona ncha nyeupe ya ala imefika sm 2 au 3 juu ya udongo, unatoa chungu siku hiyo hiyo, kalenda isome nini isome. Hiyo ni sheria kwa aina zote.

#15 Nachingwea Kwetu
Swali la mswahili: umeme ukikatika siku mbili, baridi iliyokusanywa inapotea?

#16 Mkorosho Mkavu
Friji lililojaa na kufungwa linabaki na ubaridi saa kadhaa. Weka chupa za maji yaliyoganda kuzunguka vyungu, hazigusani navyo. Tatizo kubwa la kukatika umeme ni jasho: joto likipanda, unyevu unafanya matone juu ya matunguu, ukungu wa kijani-bluu unaanza. Matunguu makavu yafunue bahasha, futa, pepea, rudisha.

Na wasiojua: friza inaua. Tunguu likiganda hadi ndani linalainika kama embe bovu. Lisiguse ukuta wa nyuma wa friji pia, pale barafu inapojijenga.

#17 Mzee wa Rondo
Dhidi ya ukungu, kusini hatuna kisingizio. Salfa ya unga ya mikorosho, ile ya ugonjwa wa ubwiriunga, iko kila nyumba. Tia matunguu kwenye mfuko na kijiko cha chai cha salfa kwa matunguu 30 hivi, tikisa, kung'uta iliyozidi. Vaa kitambaa puani. Usiichanganye kwenye udongo wa chungu, inashusha uchungu wa udongo polepole na krokasi zinapenda udongo usio na tindikali.

#18 Dada Maua
Nafafanua hapo kwa Mzee: salfa inaongeza tindikali, yaani pH inashuka. Kwa Mikindani ambako chini ni mwamba wa matumbawe, pH iko juu yenyewe, krokasi haina ugomvi nayo. Aliye Newala kwenye mchanga mwekundu aweke konzi moja ya matumbawe yaliyopondwa kwa ndoo ya lita 20. Mchanga wa ufukweni hapana, chumvi.

#19 Mzee wa Rondo
Sahihi. Nilimaanisha hivyo, kidole kimetangulia.

#20 Bi Kitangari
Sasa tatizo la #6, joto baada ya friji. Chungu ndani ya chungu: kikubwa cha nje, kidogo ndani, katikati mchanga mbichi wa sm 4 pande zote, maji asubuhi na jioni. Uvukizi unashusha joto la udongo. Kiweke chini ya baraza penye upepo wa kusi, jua la asubuhi mpaka saa tatu basi.

#21 Kibarua wa Jokofu
Kwa Newala na Masasi nakubali, hewa ya kipupwe huko bara ni kavu. Kwa Shangani hewa imebeba bahari, uvukizi ni mdogo, utashusha nyuzi mbili tatu na kuukaribisha ukungu. Pwani njia ni hii: chungu kilale friji usiku, kitoke saa kumi na moja alfajiri, kirudi saa nne asubuhi.

#22 Nachingwea Kwetu
Hilo sasa ni kulea mtoto mchanga, si bustani.

#23 Dada Maua
Na ukikitoa saa kumi na moja ua linafunguka alfajiri hiyo hiyo. Petali za krokasi zinafunguka kwa joto kupanda, zinajifunga likishuka. Kutoka nyuzi 5 kuja 20 linafunguka haraka. Kwa hiyo Kibarua anaweza kuchagua saa ya kuonyesha wageni, nakiri ni raha. Lakini kila kufunguka kunamaliza nguvu ya ua. Katika baridi ya kwao ua moja linakaa wiki na zaidi. Huku hesabu siku mbili, tatu.

#24 Mgeni Mpya (Kilwa Masoko)
Hodi. Nimesoma yote. Kwa nini msipande zafarani yenyewe mkauze? Inasemekana haitaki baridi.

#25 Mkorosho Mkavu
Karibu. Zafarani, C. sativus, ni ya vuli huko kwao, si ya mapema, na ni kweli haidai baridi ya friji. Ua lake linaumbika ndani ya tunguu katika nyuzi 23 hadi 27, kisha linahitaji kushushwa hadi nyuzi 17 hivi ili lichomoze. Hiyo ya pili ndiyo itakushinda Kilwa. Na kuuza: maua kama 150 yanatoa gramu moja kavu, kila ua nyuzi tatu nyekundu, kuchuma kwa mkono. Piga hesabu.

#26 Mzee wa Rondo
Na tahadhari kwa Mgeni Mpya. Kuna tunguu linaitwa Colchicum, ua lake linafanana na krokasi na ni sumu kali. Hesabu stameni, vile vijiti vyenye chavua ndani ya ua: krokasi ina tatu, Colchicum ina sita. Ukoo huo huo kwetu una Gloriosa superba, ule mtambaa wa ua jekundu na njano lenye petali zilizopinda juu, upo vichakani pwani yote, nao una sumu hiyo hiyo ya kolchisini. Usichume ua la tunguu usilolijua ukaweka kwenye pilau.

#27 Nachingwea Kwetu
Mimi nauliza la watu wasio na friji. Lili za mvua, Zephyranthes, zina sura ya krokasi, hazidai baridi, zinatoka mvua za kwanza Novemba au Desemba. Tunajitesa nini?

#28 Bi Kitangari
Hujakosea. Z. candida nyeupe, majani membamba ya kijani mwaka mzima, inapenda maji. Z. carinata waridi, ua kubwa. Z. rosea waridi, dogo. Z. citrina njano, inajipanda kwa mbegu mpaka njiani. Panda shingo ya tunguu ikiwa usawa wa udongo, nafasi sm 8, usichimbue kila mwaka, zikibanana ndiyo zinachanua vizuri. Siku tatu hadi tano baada ya mvua kubwa, kitanda kizima kwa pamoja.

Ila kuna kitendawili: ukimwagilia maji ya bomba kwa wingi ule ule, hazitoi kama za mvua.

#29 Kibarua wa Jokofu
Ni ukame uliotangulia. Ukimwagilia kila wiki hazijawahi kukauka, kwa hiyo hazina cha kuamshwa nacho. Acha wiki 5 kavu kabisa, kisha lowesha mpaka kina cha sm 20, zitatoka hata kwa bomba.

#30 Dada Maua
Ni ubaridi wa ghafla wa mvua yenyewe. Udongo wa Novemba una joto, mvua inaushusha kwa saa moja. Maji ya bomba yaliyolala kwenye tanki jeusi juani hayashushi chochote.

#31 Mkorosho Mkavu
Na maji ya bomba ya baadhi ya mitaa yana chumvi. Mnasahau hilo. Mvua inasafisha chumvi kwenye mizizi.

#32 Nachingwea Kwetu
Nilidhani nimeleta jambo rahisi.

#33 Mwanakusi
Narudi kwenye krokasi. Nimepasua Ruby Giant mbili kama alivyoelekeza Mzee #5. Moja haina kitu. Ya pili ina kiuzi cha kahawia kilichokauka katikati ya majani.

#34 Mzee wa Rondo
Ya kwanza ni yangu.

#35 Kibarua wa Jokofu
Ya pili ni ndizi.

#36 Dada Maua
Ya pili inaweza kuwa joto pia. Tumba lililokauka halisemi limeuawa na nani. Mwanakusi, msimu ujao tenga: matunguu ya mzingo mmoja, nusu kwenye friji lisilo na matunda, nusu kwenye droo na ndizi, zote zikitoka zikae sehemu moja. Na majani ya sasa usiyakate, yape maji na mbolea yenye potasiamu kila wiki mbili mpaka yajikaushe yenyewe. Tunguu jipya linajengwa juu ya la zamani sasa hivi, la zamani linasinyaa. Yakidumu chini ya wiki sita, mwakani utapata matunguu ya ukubwa wa njegere.

#37 Bi Kitangari
Na nusu ya tatu: chungu kilichopandwa na kumwagiliwa kabla ya friji. Msilisahau langu.

#38 Nachingwea Kwetu
Bi Kitangari, nusu ya tatu?

#39 Mwanakusi
Theluthi basi. Nitafanya vyungu vitatu vya chrysanthus sm 5, tommasinianus naiacha. Aliye na friji la pili lisilolala samaki wala ndizi aniambie, mama mwenye nyumba huku amegoma.